Oda mbili kwa mpigo, Pemba ya Msumbiji na Nairobi. Karatasi zipi nianze nazo? Niko Mtwara

BintiMikindani

Wakuu habari za saa hizi. Niko Mikindani, nabangua korosho na kina mama wenzangu, kikundi chetu kimesajiliwa halmashauri, TIN ipo, leseni ipo, SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanatujua. Soko letu mpaka leo ni la humu humu, stendi, wageni wa hoteli na mzigo kidogo wa Dar, hela inapatikana ila ndo ile ya kusukuma siku.

Sasa mwezi huu zimeingia oda mbili kwa mpigo. Ya kwanza ya mfanyabiashara wa Pemba (Pemba ya Msumbiji jamani, msianze), anataka kilo 300 za korosho nzima nyeupe ambazo hazijakaangwa, atafungasha mwenyewe kule. Ya pili ya dada mmoja wa Nairobi anauza vitafunwa, kilo 60 za kukaanga na chumvi, kwenye pakiti zenye lebo yetu. Bei zote inacheza kwenye 25,000 kwa kilo.

Huyu wa Pemba anataka mzigo niufikishe Kilambo nivushe mwenyewe, gari lake litanisubiri ng'ambo, nusu analipa akipokea na nusu baada ya mwezi akishauza, yani mali kauli. Nikimuuliza karatasi anasema zisikusumbue dada, sisi wa huku na huku ni wamoja. Na kweli kwenye simu tunaongea Kimakonde vizuri tu tunacheka. Jirani yangu naye ananiambia kuna kipenyo nipite usiku na mtumbwi, eti wote ndo wanavyofanya. Sitaki. Mtaji wenyewe ni wa kikundi, ukikamatwa nitawaambia nini wale kina mama?

Naomba mwenye uelewa aniambie kisheria natakiwa niwe na nini, na kama huyu mtu akinizungusha hela yangu naipatia wapi. Na la mwisho, mbona naambiwa Nairobi ni rahisi kuliko hapo ng'ambo? Kilambo naenda na kurudi siku hiyo hiyo, Nairobi sijawahi hata kufika.

Chuno_Finest

Pemba si Zanzibar hiyo dada, panda boti tu karatasi za nini

BintiMikindani

Nilijua tu utatokea mmoja

MzeeWaGhala

Binti shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa, tuendelee. Mimi kazi ya forodha nimeifanya muda mrefu kabla ya kustaafu, nikujibu swali lako la mwisho kwanza maana ndo linabeba mengine yote.

Nairobi ni rahisi kwa sababu Kenya na sisi tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, forodha yetu inaendeshwa kwa sheria moja ya 2004. Humo ndani kuna utaratibu wa mfanyabiashara mdogo, mzigo usiozidi dola 2,000 na uliozalishwa ndani ya jumuiya unapewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na watu wa forodha, fomu fupi tu. Msumbiji hayumo kwenye jumuiya hiyo. Yeye na sisi tunakutana SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Na hata ule utaratibu wa wadogo wa COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) unaousikia kwa Wazambia na Wamalawi haukuhusu, maana Tanzania ilishatoka COMESA na Msumbiji ilishatoka pia. Kwa hiyo mama wa kilo 300 anayevuka Ruvuma mbele ya sheria anahesabiwa karibu sawa na mwenye kontena. Ni kituko lakini ndo hali halisi, na ukiisahau ndo unakuja kushangaa pale kivukoni mnabishana na afisa ambaye wala hana kosa.

Sasa karatasi. Kwanza kabisa Bodi ya Korosho, bahati nzuri makao makuu yao yapo hapo hapo Mtwara huna haja ya kupanda basi. Watataka kujua wewe ni mbanguaji anayetambulika na korosho ghafi ulizipata wapi. Hili la pili ndo linawatoa jasho wadogo wengi. Kama zimepita chama cha msingi na stakabadhi ghalani una risiti, kaa na risiti zako. Kama ulichukua kwa mtu mlangoni kwa kisado hiyo ni kangomba, ununuzi wa nje ya mfumo, na hapo hata uwe na vyeti ukuta mzima mzigo wako una doa.

Pili cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, kwa sababu hizo za Pemba hazijakaangwa. Tatu cheti cha uasili cha SADC, hicho kinatolewa na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Nne ankara yenye uzito, bei na daraja, halafu tamko la kusafirisha nje ambalo wakala wa forodha mwenye leseni anakuingizia kwenye mfumo wa TRA. Nimesema mwenye leseni, vishoka wamejaa.

Na muangalie huyo wakala anapoandika namba ya ushuru ya bidhaa. Korosho yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Tofauti ni tarakimu moja lakini ushuru wa kusafirisha nje, ile asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani ipi kubwa, uko kwa yenye ganda. Akikosea hapo utadaiwa hela ambayo hudaiwi, na kuirudisha ni safari nyingine. Zile za Nairobi za kukaanga na chumvi wala hazikai kwenye 0801, zinahamia 2008.19.

Chuno_Finest

Mzee umemaliza. Ila mi ningekuwa yeye ningepeleka zenye ganda huko huko ng'ambo wakabangue wenyewe, usiku mmoja biashara imeisha

MzeeWaGhala

Kijana usimpeleke mwenzio jela. Korosho ghafi kuvusha nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ni kosa huku, halafu kupitisha bidhaa mahali pasipo na forodha ni kosa jingine kwa sheria ile ya 2004. Na wanachukua kila kitu, mzigo, mtumbwi, pikipiki uliyobebea mpaka mtoni, hata kama pikipiki ni ya mkataba ya mtu. Mwenye pikipiki atakutafuta wewe, hamtafuti afisa.

MamaVitengeMasasi

Dada mimi nipo Masasi nauza vitenge na sabuni, wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo, wanapitia daraja la Mtambaswala. Nikuambie jambo moja tu, USIVUSHE. Muache aje.

Kuna mtu nilimfanyia biashara vizuri kabisa, anakuja na hela analipa anabeba. Tukazoeana, mtoto wake alipozaliwa nikatuma kanga. Ndo akaanza mali kauli, kidogo kidogo, analipa. Afu siku moja akachukua mzigo wa maana nikamfikishia mwenyewe mpaka kwake kwa sababu alisema gari limeharibika. Simu ikawa inaita haipokelewi, baadae haiiti kabisa. Nikaenda polisi huku wakaniambia mama hili ni deni, ni kesi ya madai, nenda mahakamani. Mahakama ipi sasa? Mtu yuko nchi nyingine, mkataba hakuna, kilichopo ni meseji za "nitakutumia ijumaa inshallah". Kwenda kule kumtafuta nikaambiwa nitahitaji wakili wa kule na kila kitu kiwe kwa Kireno, nikapiga hesabu ya nauli, mkalimani na wakili nikaona deni lenyewe halitoshi kulipia kulidai.

Toka siku ile wote wanalipia dukani kwangu, kwa shilingi, nawapa risiti ya EFD, wanabeba, na mambo ya mpakani ni yao. Wateja wengine walinuna wakahamia kwa jirani, sawa, waende. Waliobaki ndo wenye biashara zao kweli.

WakiliMdogo_Lindi

Mama Masasi amegusa penyewe, ngoja niongeze upande wa sheria kidogo, samahani itakuwa ndefu.

Swali sio tu nani analipa lini. Swali ni mali imekuwa ya nani, wakati gani, na wapi. Kwa Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa mali inahama pale wahusika walipokubaliana ihame. Mkiandika kwamba mauziano yanakamilika Mikindani, ameshakagua, ameshalipa, amepakia, basi ikizama Ruvuma imezama ya kwake, ikikwama forodha ya kule imekwama ya kwake. Mkiandika mzigo unakabidhiwa ng'ambo, au msipoandika kitu halafu ukaubeba wewe, njia yote hiyo unatembea na hasara mgongoni. Na korosho sio sabuni, dada unajua mwenyewe zile nzima zikipigwa na barabara mbovu kwenye kiroba kisichojazwa vizuri zinafika vipande, ulituma W320 (daraja la nzima nyeupe) yeye anapokea za kupikia keki, anakukata bei. Nani atamwambia zilivunjikia wapi?

Kuhusu mkataba wa mdomo au WhatsApp, kisheria mkataba wa mdomo ni mkataba, na ujumbe wa kielektroniki unakubalika tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo meseji zako usifute. Lakini kukubalika ni kitu kimoja na kuipata hela ni kingine. Hukumu ya mahakama ya Mtwara haiwezi kwenda yenyewe Pemba ikakamate gari la mtu, lazima mahakama za kule ziipokee kwanza kwa utaratibu wao. Usuluhishi nao upo, nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa New York wa 1958 na tuzo ya msuluhishi inatambulika pande zote, wanasheria tunaupenda sana. Ila kwa mzigo wa milioni saba na nusu nikikushauri hivyo nitakuwa nakuibia, gharama yake inameza kikundi chote.

Kwa hiyo andikeni karatasi moja, ukurasa mmoja unatosha. Majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, kilo, daraja, unyevu usiozidi asilimia 5, aina ya mfuko, bei kwa shilingi, mahali pa kukabidhi, nani analipa kodi za upande wa pili, na sheria ya Tanzania ndo itatumika. Kiswahili na Kireno, na mseme ikitofautiana inasimama ipi. Hiyo sentensi ya mwisho watu wanairuka halafu ndo inakuja kuwa kesi nzima. Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani na hawachaji, waendee wakusomee hata kama hujamuweka wakili.

MzeeWaGhala

Wakili kanikumbusha kodi za upande wa pili. Binti, cheti cha SADC kinamuondolea huyo bwana ushuru wa forodha, hakimuondolei IVA, yani VAT yao, ambayo kule ni asilimia 16. Na anayeingiza bidhaa kule lazima awe na NUIT, ndo TIN yao, na awe amesajiliwa kuingiza bidhaa. Muulize NUIT yake tu. Anayesema karatasi zisikusumbue mara nyingi ana maana yeye hana, kwa hiyo anataka mzigo uingie kwa jina lako au usiingie kwa jina la mtu yeyote.

Akiwa nayo hatakasirika, atakutumia picha dakika hiyo hiyo.

Kitaya_Yetu

Na usalama msisahau. Tangu 2017 Cabo Delgado imeonja mengi, na hata huku kwetu kijijini Kitaya waliingia Oktoba 2020. Watu wanapita ila vizuizi barabarani ni vingi na mtu wa mtumbwini usiku haulizwi kwanza umebeba korosho au nini. Hilo la kipenyo mwambie jirani yako aende yeye

BintiMikindani

Asanteni sana, mzee shikamoo sasa rasmi. NUIT nimemuomba, kasoma hajajibu, tuone.

Mambo mawili. Kuna mtu kaniambia inbox kwamba dawa ni huyu bwana amlete mdogo wake afungue stoo hapa mjini, awe anakusanya korosho kwetu na vijijini kisha avushe yeye. Inawezekana? Na hili la Nairobi, kilo 60 si ni milioni moja na nusu, nikiweka kwenye basi kama parseli inatosha? Na nikija kushikwa mzigo hata nikiwa na karatasi, nafanyaje?

WakiliMdogo_Lindi

La stoo achana nalo. Kuna amri ya 2025 inayokataza wasio raia kufanya biashara 15, humo kuna jumla na rejareja na kuna kununua mazao shambani. Faini haipungui milioni 10 na kifungo kipo, na Mtanzania anayemsaidia naye anaingia humo humo. Yeye akija kama mnunuzi wa nje, akanunua kwa mbanguaji anayetambulika, akalipa akaondoka, hiyo haina shida.

Na alipe kwa shilingi, sio dola wala meticali mkononi. Kanuni za 2025 za fedha za kigeni zimekataza bei na malipo ya ndani kwa dola. Abadilishe benki au duka la fedha, akuwekee kwenye akaunti ya kikundi. Nimesema ya kikundi, sio simu yako binafsi, kina mama wakiona miamala kwenye simu yako hata ukiwa msafi maneno yataanza.

MzeeWaGhala

Nairobi. Milioni moja na nusu ni kama dola 600, uko chini sana ya 2,000, kwa hiyo kile cheti rahisi kinakufaa. Lakini parseli ya basi bila mtu ndo wengi wanapokwama, kondakta anafika mpakani usiku anaulizwa ya nani, ya nini, hajui, inashushwa. Ama uende nayo mwenyewe mara ya kwanza ama umpe wakala wa Namanga au Horohoro ankara na nyaraka kabla basi halijatoka Dar. Na kwa sababu ni chakula kwenye pakiti yenye lebo, tafuta alama ya TBS, shirika la viwango. SIDO wakikuandikia barua TBS wana unafuu kwa wajasiriamali wadogo, na alama ya ubora ya nchi moja ya jumuiya inatakiwa itambulike kwa mwenzie, ndo faida yenyewe. Lebo iwe na tarehe, uzito, viungo na mahali ilipotengenezwa. "Made in Mikindani" peke yake haitoshi hata kama inapendeza.

Ukishikwa, usipige kelele na usitoe hela ya soda. Dai karatasi ya kukamatwa mzigo, isomeke sababu. Kama hukubaliani na uamuzi wa forodha unaandika barua kwa Kamishna ndani ya siku 30 kuomba upitiwe upya, na ukishindwa hapo kuna Bodi ya Rufaa za Kodi. Wengi wanaopoteza mzigo sio kwamba hawakuwa na haki, walikaa wanapigia watu simu mpaka siku zikapita. Kosa dogo pia sheria inaruhusu kukiri kwa maandishi ukalipa faini bila kwenda mahakamani, lakini hilo soma vizuri kabla ya kusaini, ukishakiri umekiri.

MamaVitengeMasasi

Mzee una roho nzuri, wengine wanauza huu ushauri

BintiMikindani

Mrejesho wakuu. Nairobi nimemwambia dada asubiri, naanza na barua ya SIDO jumatatu. Bodi ya Korosho nimeshafika, wamenipa fomu na wakaulizia risiti za chama cha msingi kama mzee alivyosema, za msimu huu ninazo zote, za kilo kama 40 za msimu uliopita hazionekani kwa hiyo hizo nauza stendi.

Wa Pemba kajibu. NUIT anayo, katuma na picha ya usajili wake. Kumbe alikuwa anataka tu kukwepa gharama ya wakala wa huku. Amekubali kuja mwenyewe, kulipa yote hapa na kubeba, ila sasa anataka nishushe 1,000 kwa kilo kwa sababu usafiri na IVA ni vyake. Hiyo ni laki tatu nzima. Nikubali?

MamaVitengeMasasi

Mali kauli ingekula zaidi ya hiyo. Mpe 500, na mifuko ya kuvuta hewa anunue yeye

MzeeWaGhala

500 ni sawa. Na cheti cha TCCIA alipie yeye maana ndo anayefaidi, wewe ukisaini tu.

Chuno_Finest

Nami nibebe viroba siku ya kupakia, bei yangu haina IVA

BintiMikindani

Uje na kitambulisho kaka Chuno, mzigo huu kila kitu kina karatasi